Shamba la Mama na Mfyatua Matofali

Kaka yangu alichagua kuniambia nikiwa nimeshika kisu. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Yeye akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema shamba la mama ameshalipatia mtu. Nikadhani ni mtu wa kulilima. Akasema hapana, ni mfyatua matofali, yule mwenye tanuri kubwa nyuma ya karakana, na yuko tayari kuanza kuchimba mara tu tutakapomkubalia.

"Kuchimba nini?"

"Udongo, mdogo wangu. Kwani mfyatua matofali anachimba nini?"

Kiazi kikaniponyoka, kikabiringika chini ya kabati. Mimi si mtu mpole na sijawahi kujifanya. Wifi yangu, mke wa kaka huyu huyu, ananiita Pilipili tangu wiki aliyoolewa, na watoto wake wamelidaka jina hilo, wanalitangulizia Shangazi ili lionekane la heshima. Siku hiyo nilimpa kaka maneno ambayo hata mwenye duka jirani aliyasikia, maana alizima redio ili asipitwe.

Kaka alisubiri nimalize. Yeye ni mtu wa kusubiri. Kisha akasema, "Shamba limekufa. Tunalinywesha leo, keshokutwa limekauka. Lile korongo la kule chini linalimega kila msimu. Mbolea tunaweka, mahindi yanatoka kama njiti za kiberiti. Unataka tufanyeje?"

Alisema kweli tupu. Lakini mama alituachia shamba lile sote wawili, na aliacha neno kwamba halitoki mikononi mwetu mpaka sote tukubali. Kaka alikuwa amekuja kuchukua ndiyo yangu. Na mfyatua matofali akishachimba, kinachobaki ni shimo la kufugia vyura. Hakuna msimu mwingine wa kujaribu tena.

"Nipe msimu mmoja," nikamwambia. "Nusu ya shamba. Wewe lima nusu yako unavyojua, mimi nilime yangu. Mahindi yangu yakianguka, nitakwenda mwenyewe kumwita huyo bwana na sepetu lake."

"Wewe unajua nini cha kuliponya shamba?"

"Sijui lolote," nikasema. "Lakini nina hasira ya kutosha."

Akacheka bila kupenda, akavaa kofia. Tukakubaliana hivyo, mlangoni, viazi vikiwa bado kwenye maji.

Ngoja niwaeleze kaka yangu, msije mkamwona mtu mbaya. Kwenye skimu yetu ya umwagiliaji wanamwita Fagio, na jina hilo analipenda. Wakulima wote wa kwetu huchoma mabua baada ya kuvuna, ila kaka hakuishia hapo. Alikusanya kila jani, akachoma, kisha akafagia. Kufagia shamba, jamani! Kwa fagio la uani, kuanzia langoni hadi ukingoni, mpaka udongo unabaki mtupu na laini kama sakafu ya sebule. Wageni wakija kutembelea skimu walikuwa wanapelekwa kuliona shamba la Fagio, na yeye anasimama pembeni amefunga mikono nyuma, anajifanya hasikii sifa.

Maji nayo yana utaratibu wake. Yanakuja kwa zamu, na zamu yako ikifika unafungua lango lote la maji, mpaka juu, kwa sababu kufungua nusu ni kumwachia jirani maji yako bure. Yanaingia kwa kishindo kwenye mifereji iliyo kati ya matuta, yanakimbia mteremko mzima, na mtu mmoja anasimama mwisho wa shamba kuyangoja. Yakitokea kule chini yakiwa mekundu na mazito, yule mtu anapaza sauti, "Limeshibaaa!" Basi lango linafungwa. Yakitoka meupe ni aibu, watu wanasema maji yamepita juu juu, hayakuingia ndani. Nilipokuwa msichana nilisimama mimi pale chini, na wekundu ule ulikuwa unanifurahisha kuliko nguo mpya.

Kwa kuwa sikujua lolote, nilikwenda kwa bibi shamba, afisa kilimo wetu. Ofisi yake ni chumba kimoja kando ya ghala. Mezani kuna helmeti ya pikipiki juu ya mafaili, dirishani makopo yenye miche iliyokauka. Nilimkuta anakula karanga, na hakuacha kwa ajili yangu. Ni binti mdogo lakini ana ulimi kama wangu. Akaniuliza tunafungua lango kiasi gani. Nikamwambia lote. Akaniuliza maji yanatoka na rangi gani.

"Mekundu," nikasema, tena kwa maringo.

Akaweka karanga chini. "Mama, huo wekundu mnaoushangilia ndio shamba lenyewe. Linaondoka, na nyinyi mnalipigia vigelegele."

Nilitaka kunyanyuka niondoke. Nilikuwa nimekuja kutafuta msaada, si kufanywa mjinga na mtoto wa juzi. Naye akaona, akanisogezea karanga. "Kesho nitakuja nikuonyeshe. Nikikosea unifukuze."

Alikuja kweli, akatukuta sote nyumbani kwa kaka. Mkononi alikuwa na mabonge mawili ya udongo mkavu. Moja alilitoa katikati ya shamba letu, lingine chini ya ua wa mpakani, mahali ambapo fagio la kaka halijawahi kufika kwa sababu ya miiba. Akaomba glasi mbili za maji.

"Hizo ni glasi zangu za wageni," wifi akalalamika, lakini akazitoa.

Bibi shamba akatumbukiza bonge moja huku na moja kule. Lile la shambani lilitoa povu, likalegea, likaporomoka lote; punde glasi ikawa uji mwekundu, huoni hata upande wa pili. Lile la chini ya ua likakaa tu. Maji yake yalikuwa meupe vile vile, bonge limetulia.

"Hilo la pili ni jiwe," kaka akasema.

Bibi shamba akalitoa, akalimega kwa vidole viwili. Ndani kulikuwa na vijizizi vyembamba vimelishika kila upande, na vijitundu. "Si jiwe, mzee wangu. Lina kitu cha kulishikilia. Mizizi, majani yaliyooza, wadudu. Hili la kwenu halina cha kulishikilia, ndiyo maana maji yakigusa tu linafumuka. Na linalobaki linajigandisha juu, maji hayapenyi. Mnalinywesha, linatema."

"Udongo wa chini ya ua haujawahi kulimwa," kaka akasema. "Huwezi kuulinganisha na wa shamba." Akachukua kofia, akatoka nje. Wifi akainua ile glasi yenye uji, akaitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pilipili, hii hata sabuni haitaitoa."

Basi nikaanza kuchafua. Nilizunguka kwa majirani waliokuwa wanataka kuchoma mabua yao, nikaomba wanipe. Walinipa kwa furaha, maana niliwaondolea kazi, na walicheka mpaka wakashika mbavu. "Pilipili amefungua jaa!" Nikayatandaza kwenye nusu yangu, juu ya matuta na ndani ya mifereji, nikaongeza samadi, na kule kwenye mdomo wa korongo nikapanda majani ya kushika ukingo. Nusu ya kaka ilikuwa inang'aa pembeni. Nikisimama barabarani nikatazama, hata mimi niliona haya.

Zamu ya kwanza ya maji ilikuwa balaa. Nilifungua lango nusu, kama nilivyoelezwa, lakini mabua yalielea. Yakajikusanya katikati ya shamba, yakaziba, maji yakapanda, yakapasua tuta na kuhamia upande wa kaka. Matuta yake yakakatika. Kaka alikuja mbio amevua viatu, jembe begani, mabua yangu yamemzunguka miguuni.

"Umeniletea takataka hadi kwangu!"

"Si mimi, ni maji!"

"Maji yana akili? Nani aliyaweka mabua?"

Tuligombana mbele ya watu, tukiwa tumezama kwenye tope mpaka kwenye magoti. Nilipomaliza kwa kaka, nikaenda kumalizia hasira kwa bibi shamba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakunja suruali, akaja nami shambani. Tulikatakata mabua yaliyomo miferejini, tukayakandamiza kwenye udongo kwa jembe ili yashike, tukapunguza mengine. Zamu iliyofuata tukawa tunafungua mifereji michache michache, maji kidogo kidogo, tunangoja yatambae. Yalikuwa yanatembea polepole kama bi harusi. Mwenye zamu inayofuata alisimama barabarani akipiga miluzi, nikamwambia siku yangu haijaisha, akikosa kazi akanipikie.

Kaka alikuwa amesimama chini kwenye mtaro, mahali pale pa kungojea maji. Alingoja, akangoja. Mwishowe yakatokea machirizi mawili matatu, membamba, meupe kiasi kwamba ungeweza kunawia uso.

"Bado!" akapaza sauti. "Halijashiba!"

"Limeshiba!" nikajibu.

"Maji meupe haya! Njoo uone!"

Watu wakacheka. Nikafunga lango. Mbele yao nilijitia sina habari, lakini niliporudi nyumbani nilikaa kitini bila kuvua hata viatu. Nilikuwa na hofu. Niliwaza kwamba labda wao wako sahihi, watu wote hao kwa miaka yote hiyo, na mimi kwa ukaidi wangu ndiye nitakayelizika shamba la mama.

Msimu haukuniendea vizuri kama wanavyosimulia wengine. Mchwa walikula sehemu ya mabua. Pembe ya kule karibu na korongo haikuota kitu, mpaka leo ni upara. Lakini kwingine mahindi yalitoka, na nikifunua mabua asubuhi nilikuwa nakuta udongo una baridi, na nyungunyungu wanajikunja kukimbia mwanga. Sikuwahi kuwaona shambani kwetu. Siku ya kwanza nilipiga ukelele, nikamwita wifi aje aone. Alikuja mbio akidhani ni nyoka, na alipoona ni nini alinitukana mimi na nyungunyungu wangu.

Ndipo ukingo wa mfereji mkuu ukabomoka huko juu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanataka kutoa mbelewele. Skimu nzima ikakosa maji. Mafundi walikuja wakaenda, zamu ikapita, zamu nyingine ikapita. Jua halikuwa na huruma. Mashamba yote yalianza kujisokota majani, yangu pia. Tofauti ni kwamba mahindi yangu yalijisokota mchana, na jioni yakafunguka. Ya kaka yalijisokota yakabaki hivyo hivyo. Ardhi yake ilipasuka nyufa za kuingiza mkono.

Nilidhani nitafurahi. Wallahi nilijiandalia hata maneno ya kumwambia. Lakini wifi alinieleza kwamba kaka anaamka anakwenda shambani kabla ya chai, anasimama kwenye nusu yake, halafu anarudi na chai haigusi. Maneno yangu yote yakanikaukia. Yule ni kaka yangu. Baba alipofariki ndiye aliyenipeleka shule akinishika mkono.

Akaja kwangu tena, akasimama mlangoni vile vile. "Yako yamesimama," akasema. "Nimeona. Sikatai. Nusu yako baki nayo."

"Na yako?"

"Yangu imeniangukia. Mimi nimeshindwa, Pilipili. Mfyatua matofali anakuja kesho kutazama. Nakuomba unikubalie nusu yangu tu."

Hajawahi kuniomba kitu. Nilimwambia shimo likichimbwa pale, mvua ya kwanza tu maji yatakata kutoka upande wake na kuubomoa wangu, nusu haitabaki nusu. Akasema anajua. Akasema amechoka kuliangalia. Sikuweza kumwambia ndiyo, na kwa jinsi alivyosimama pale sikuweza kumwambia hapana.

"Acha aje atazame kwanza," nikasema.

Mfyatua matofali alikuja na sepetu begani, mtu mchangamfu, suruali yake imekakamaa udongo. Alitusalimia sote kwa mikono miwili, akampa wifi pole ya ukame, akaanzia upande wangu kwa kuwa ndio ulio karibu na barabara. Alipiga sepetu, likazama bila shida. Akainua udongo, akauminya, ukasambaratika kwenye kiganja kama makombo ya mkate. Akavuta mzizi. Akamwona nyungunyungu, akamkung'uta.

"Huu hapana," akasema. "Msinielewe vibaya, lakini huu haufai. Umejaa mizizi, majani, wadudu. Tofali la udongo huu likiingia motoni linapasuka. Mmeuharibu."

"Tunashukuru," nikasema. Wifi akanifinya.

Akavuka kwenda kwa kaka. Hapo ilibidi apige sepetu kwa mguu, na tena, mpaka likang'oa kipande. Akakisaga, akakimwagia maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yake, akakikanda, akakifinyanga mikononi, kisha akakibamiza chini. Kikakaa, laini, pembe zimesimama. Uso wake ukafunguka.

"Loo! Huu ndio wenyewe! Tazameni. Hauna mzizi, hauna mdudu, hauna chochote ndani. Umefanyiwa nini udongo huu? Mzee, mimi nachimba mahali pengi, nahangaika kuchambua uchafu, halafu nakuta shamba limeshasafishwa lote. Ni wewe?"

"Ni mimi," kaka akasema.

"Basi nakupongeza. Mtu mwingine asingeweza." Akautwaa mkono wa kaka, akautikisa kwa nguvu.

Kaka akauangalia mkono wake ndani ya mkono wa yule bwana. Kisha akaliangalia lile tofali pale chini, bichi, limekaa katikati ya mahindi yaliyokufa.

"Unasema hauna chochote?"

"Chochote kabisa!"

"Bwana," kaka akasema, "toka shambani kwa mama yangu."

"Eti?"

"Toka! Chukua sepetu lako, toka! Hili ni shamba! Watu wamekula hapa!"

Sijawahi kumsikia kaka akimfokea mgeni hata siku moja. Mwenye sauti kwenye ukoo wetu ni mimi. Yule bwana hakukasirika, alishangaa tu, akauliza sasa udongo ataupata wapi, na kaka akamjibu aende akachimbe uani kwao. Nikageuka kumtazama wifi, wifi naye ananitazama mimi, macho yametutoka.

Mfyatua matofali alipoondoka, kaka alikaa chini juu ya tuta. Alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga, la, alilia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye mvi.

"Nililipenda," akasema. "Kila mwaka nalisafisha. Mama aliniambia mtoto wangu wewe msafi, utanitunzia. Mimi nikawa nalimaliza kwa mikono yangu, na watu wananisifu."

Nikakaa naye. Nikamshika mgongo. Wifi akakaa upande wa pili, akamfuta uso kwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakufanya mzaha.

Tulikaa hivyo mpaka tukasikia harufu ya moshi. Ng'ambo ya mfereji jirani yetu alikuwa ameanza kukata mahindi yake yaliyokauka na kuyarundika, na rundo la kwanza lilikuwa linashika moto. Kaka akainua kichwa.

"Yale mabua yako," akaniuliza, "ulifunika unene gani?"

"Kiganja hivi. Ukizidisha yanaelea, uliona mwenyewe."

"Niliona, ndiyo. Miguu yangu iliona." Akapangusa pua. "Kwa hiyo kwangu yangehitajika mengi."

"Mengi sana, kaka."

Akasimama. Hakukung'uta hata suruali, na huyo ni mtu anayekung'uta suruali akitoka kuketi kwenye kochi. Akaruka mfereji, akaanza kukimbia kuelekea kule kwenye moshi, kofia imebaki kwenye tuta, anapunga mikono yote miwili juu na kupiga kelele mpaka watu wa mashamba mengine wakainuka kutazama.

"Jirani! Zima! Zima, ndugu yangu! Usichome! Nipe mimi!"